Bendera nyekundu ya wafalme wa Ufaransa: ilimaanisha kuua wote? Na hicho kipande kinachouzwa mtandaoni ninunue?

*"Habari mtaalam. Mi mpenzi sana wa magemu ya vita vya zamani na nachezaga upande wa Ufaransa. Kwenye gemu kuna bendera nyekundu inaitwa Oriflamme, ukiinyanyua askari wako wanakuwa wakali na hawachukui mateka kabisa. Sasa binamu yangu anaishi Saint-Denis, pembeni ya Paris, kanitumia picha ya hiyo bendera imewekwa kanisani na anasema ndo yenyewe iliyokuwepo Azincourt. Nikaanza kuitafuta mtandaoni nikakutana na mtu anauza kipande cha kitambaa chekundu, anadai kimekatwa kwenye Oriflamme, karatasi ya uthibitisho anayo, bei yuro 900 ila anataka advansi ya 150 kwanza. Maswali: kweli ilimaanisha kuua wote? Mbona waliibeba na bado wakapigwa na Waingereza Crécy, Poitiers na Azincourt, au ilikuwa na mkosi? Na hicho kipande ninunue?"*

Ndugu yangu, nianze na pesa maana ndo yenye haraka: usitume hiyo advansi. Sababu ntakupa huko chini, na utaziona vizuri zaidi ukishaelewa hiyo bendera yenyewe ilikuwa kitu gani, kwa sababu maswali yako yote matatu yana mzizi mmoja. Unaifikiria Oriflamme kama kitambaa kimoja chenye nguvu yake ndani, kikitoka kinafanya kazi fulani. Watu wa zama zile hawakuitumia hivyo, ingawa waliiheshimu kuliko mimi na wewe tunavyoweza kuelewa.

Oriflamme ilikuwa mali ya abasia (makao ya watawa) ya Saint-Denis, kaskazini ya Paris, pale alipozikwa Mtakatifu Denis ambaye ni askofu wa Paris aliyekatwa kichwa enzi za Warumi. Haikuwa ya mfalme. Hapa ndo watu wengi wanapotea. Karibu na abasia kulikuwa na eneo linaitwa Vexin, na mwenye kushika hilo eneo, yule kaunti wake (hapa kaunti ni cheo cha mtawala wa eneo, si eneo lenyewe), alikuwa na wajibu wa kuilinda abasia na kubeba bendera yake vitani. Mwaka 1077 Vexin ikaangukia mikononi mwa mfalme Philippe wa Kwanza, na wajibu ukaja na ardhi. Kwa hiyo mfalme wa Ufaransa, ambaye hana mtu juu yake kwenye nchi yake, akajikuta kwa kipande hicho kimoja cha ardhi ni mtu wa chini ya mtakatifu.

Mwanzoni nadhani hakuna aliyeona kama ni jambo kubwa sana. Ilikuja kuwa kubwa mwaka 1124, Kaisari Heinrich wa Tano wa Ujerumani alipokusanya jeshi kuelekea Reims. Mfalme Louis wa Sita, yule mnene, akaenda Saint-Denis, akaichukua bendera juu ya altare, akasema wazi kwamba anaipokea kutoka kwa bwana wake mtakatifu kwa sababu ya Vexin. Tunalijua hili kupitia abate (mkuu wa abasia) Suger, aliyekuwa rafiki yake na alikuwepo. Makabaila ambao siku zote walikuwa wanamsumbua mfalme, wengine ardhi zao kubwa kuliko zake, wakaja na majeshi yao, na Kaisari kuona vile akageuza akarudi kwao bila vita. Sasa jiulize, hapo kitambaa kilifanya nini? Kiliwapa wale makabaila sababu ya kuja ambayo haiwadhalilishi, maana wanamfuata mtakatifu wa nchi nzima, hawaendi kumpigia magoti Louis. Mi naona hiyo ndo kazi kubwa kuliko zote ambayo Oriflamme iliwahi kuifanya, na ilifanyika hata mshale mmoja haujarushwa.

Toka hapo ikawa desturi. Kabla ya vita kubwa mfalme anaenda Saint-Denis, misa inasomwa, masalia ya watakatifu yanatolewa, anapewa bendera na yeye anamkabidhi mbebaji. Mbebaji alikuwa anachaguliwa kwa sifa, mtu mzima aliyekwishapigana sana, anapokea komunyo na kuapa kwamba ataitunza mpaka kufa. Njiani haikupepea ovyo, ilikunjwa, na mara nyingine mbebaji aliivaa shingoni mpaka muda ufike. Kwa umbo ilikuwa hariri nyekundu, ncha zake zimechanwa kama mikia, kwenye mkuki uliopakwa dhahabu. Mwandishi mmoja aliyekuwepo vitani Bouvines anasema ilikuwa nyekundu tupu isiyo na mapambo, kwa hiyo ukiona picha zenye moto na jua na maandishi, hayo ni ya wachoraji wa baadae.

Na usiichanganye na ile ya bluu yenye maua ya yungiyungi ya dhahabu. Magemu mengi yanazichanganya. Ya bluu ndo ya mfalme mwenyewe, inakaa karibu na mwili wake, ikionekana ina maana mfalme yupo hapo. Nyekundu ni ya mtakatifu.

Hapa inabidi nikueleze bendera zilifanya kazi gani vitani, maana bila hilo utaendelea kuamini kwamba ni mapambo tu. Mpanda farasi wa zama zile akishafunga helmeti anaona kupitia mwanya mwembamba, kuna vumbi, farasi wanalia, vyuma vinagongana, amri ya mdomo haifiki hata hatua ishirini. Fikiria Kariakoo mkesha wa Idi, umeambiwa umfuate shangazi mwenye kanga nyekundu, hujui mnaenda duka gani wala mtatokea wapi, unachojua ni ile kanga tu, ikisimama unasimama na ikipotea umepotea. Ndivyo jeshi lilivyoongozwa. Kila kundi lilikuwa na bendera ya bwana wake, ikienda mbele nao wanaenda, ikisimama wanajikusanya hapo, ikianguka wanaamini bwana wao amekufa na wanaanza kukimbia hata kama walikuwa wanashinda.

Ndo maana hata ukubwa wa mtu ulipimwa kwa bendera. Mpanda farasi wa kawaida alikuwa na kibendera chenye mkia, akipandishwa cheo na kuwa na watu wa kutosha chini yake, mkia unakatwa inabaki bendera ya mraba. Mwingereza John Chandos alikatiwa mkia wa bendera yake uwanjani kabisa, kabla ya vita ya Nájera mwaka 1367, na aliyeikata ni mwana wa mfalme.

Bouvines, Jumapili ya tarehe 27 Julai 1214, ndo mfano bora ninaoujua wa bendera zote mbili kwa pamoja. Mfalme Philippe Auguste alikuwa anapambana na Kaisari Otto wa Nne, kaunti wa Flanders (eneo ambalo leo sehemu yake kubwa ni Ubelgiji) na watu wa mfalme wa Uingereza. Katikati ya vita askari wa miguu wa Flanders wakamvuta mfalme kwa ndoano za mikuki yao mpaka akaanguka chini toka kwenye farasi. Aliyekuwa na bendera ya maua, Galon de Montigny, akaanza kuishusha na kuipandisha, kuishusha na kuipandisha, na waliokuwa mbali wakaelewa kwamba mfalme yuko hatarini wakaja mbio. Ile nyekundu ilikuwa imekuja na wanamgambo wa miji waliofika uwanjani wakiwa wamechelewa. Otto naye alikuwa na ya kwake, joka na tai juu ya mkokoteni. Mkokoteni ukavunjwa, yeye akakimbia, na Philippe akampelekea yule tai Frederick wa Pili aliyekuwa anagombania ukaisari na Otto, maana yake kila mtu aliielewa.

Sasa swali lako la kuua wote. Kuna ukweli ndani yake na kuna chumvi nyingi. Kwenye desturi za vita za karne ya 14 kulikuwa na vita ya aina ambayo aliyeshindwa hana haki ya kujikomboa kwa fidia, ni kufa tu, na bendera nyekundu ilikuwa mojawapo ya ishara zake. Kwa hiyo Oriflamme ikifunguliwa adui alikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini angalia kilichotokea kweli. Bouvines ilikuwepo, na bado Wafaransa walikamata mateka wakubwa kibao: kaunti Ferrand wa Flanders, kaunti Renaud wa Boulogne, na William Longespée ambaye ni ndugu wa baba mmoja wa mfalme John wa Uingereza. Ferrand alifungwa kwenye ngome ya Louvre mpaka 1227 lakini aliachwa hai. Kama bendera ingekuwa na amri moja isiyobadilika, hawa wasingefika hata jioni ya siku ile.

Sababu ya amri kama hizo ni pesa, na hii gemu yako haikuambii. Mateka tajiri alikuwa ni utajiri wa maisha. Mfalme Jean wa Pili alipokamatwa Poitiers mwaka 1356, fidia iliyokubaliwa mwaka 1360 ilikuwa ekyu (sarafu) milioni 3 za dhahabu. Sasa askari akiona kabaila mwenye silaha za bei mbele yake anaacha safu anakimbilia kumkamata, mwenzake naye anaenda kugombania, na jeshi linameguka katikati ya vita. Kamanda mwenye akili anakataza kukamata watu mpaka vita iishe. Waingereza walifanya hivyo Crécy mwaka 1346, na hawakuwa na Oriflamme yoyote. Halafu Azincourt, tarehe 25 Oktoba 1415, nyekundu ilikuwa upande wa Wafaransa, lakini aliyetoa amri ya kuua mateka waliokwishajisalimisha ni Henry wa Tano wa Uingereza, akihofia Wafaransa wanajipanga kushambulia upya na mateka nyuma yake ni wengi. Mi huwa inaniuma kila nikiisoma hiyo sehemu. Watu waliokwishavua helmeti zao, wamekaa chini, wanasubiri kupelekwa.

Kingine cha kujua ni kwamba Wafaransa wenyewe walikuwa na mashaka lini itolewe. Ilienda na Louis wa Tisa Misri, na mwezi Juni 1249 pale Damietta mfalme alipoona bendera ya Mtakatifu Denis imeshafika ufukweni akaruka toka chomboni maji yakamfika kwapani akaifuata. Hiyo ni vita ya msalaba, hakuna aliyeuliza. Ila mwaka 1382 dhidi ya watu wa Flanders, Wakristo wenzao, likazuka swali kama ni halali, na jibu likawa kwamba hao wanamfuata papa mwingine (wakati huo waliojiita papa walikuwa wawili) kwa hiyo inaruhusiwa. Kwenye vita ile ya Roosebeke wanasimulia ukungu ulikuwa mzito tangu asubuhi na bendera ilipofunguliwa ukaondoka. Mfalme Charles wa Sita alikuwa na miaka 13 tu. Ukungu wa Novemba kule huondoka ukipanda mchana, lakini kwa aliyesimama pale na mkuki mkononi ilikuwa ni jibu la mbinguni, na mtu anayeamini hivyo anapigana tofauti.

Kuhusu mkosi, hapana. Hizo vita tatu unazijua kwa sababu Waingereza wamezisimulia sana. Oriflamme ilikuwepo Bouvines wakashinda, ilikuwepo Cassel 1328 wakashinda, Roosebeke wakashinda. Crécy walipigwa kwa sababu walianza vita jioni wamechoka na mwendo, wapiga upinde wa Genoa wakasukumwa mbele ngao zao kubwa zikiwa bado nyuma kwenye mizigo, halafu wapanda farasi wakaenda mafungu mafungu bila mpango. Azincourt ni matope, uwanja mwembamba kati ya misitu miwili, mishale ya Waingereza, na mfalme hayupo kwa sababu ya ugonjwa wake wa akili kwa hiyo hakuna mwenye sauti ya mwisho, kila mkubwa anataka kuwa safu ya mbele. Hamna kitambaa cha kukuokoa hapo.

Angalia wabebaji uone waliichukuliaje. Poitiers alikuwa Geoffroi de Charny, aliyesifiwa kuwa mpiganaji wa mfano enzi zake, akafa nayo mkononi. Azincourt alikuwa Guillaume Martel, bwana wa Bacqueville, naye akauawa pale pale. Na mwaka 1304 pale Mons-en-Pévèle, mwezi wa Agosti, Anseau de Chevreuse alikufa kwa joto na kukosa hewa ndani ya silaha zake, bendera ikachanika.

Hiyo ya 1304 ndo inajibu swali la binamu yako na la muuzaji wako kwa pamoja. Watu wa Flanders walitangaza wameichana Oriflamme. Upande wa Wafaransa mwandishi mmoja aliyepigana vita hizo akajibu kwamba iliyopotea ilikuwa nakala tu, ile yenyewe iko salama. Vyovyote iwavyo, vita iliyofuata Oriflamme ilikuwepo tena na hakuna aliyelalamika. Hariri inachakaa, inalowa mvua, inachanwa. Ikiharibika wanashona nyingine, inawekwa altareni, inabarikiwa, inakuwa Oriflamme. Kwao kilichohesabika ni kwamba imetoka altareni kwa Mtakatifu Denis na mtu ameapa juu yake. Kwa hiyo hakujawahi kuwa na kitambaa kimoja kilichotoka 1124 mpaka 1415 ambacho mtu angeweza kukata kipande.

Baada ya Azincourt haikuonekana tena kwenye vita kubwa. Saint-Denis iliangukia mikononi mwa Waburgundi (upande wa Wafaransa walioungana na Waingereza) na Waingereza, mfalme Charles wa Saba hakuweza kuifikia, watu wake wakapigana na msalaba mweupe kwenye nguo, na Jeanne d'Arc, yule binti aliyepigana upande wa Charles, akaja na bendera yake nyeupe ambayo mwaka 1431 kwenye kesi yake aliwaambia mahakimu anaipenda mara arobaini kuliko upanga wake. Mwaka 1445 mfalme akaanzisha jeshi la kudumu la kulipwa, na mwenye jeshi la kulipwa hahitaji tena mtakatifu wa kuwaita makabaila. Orodha ya hazina ya abasia ya mwaka 1534 bado inaitaja, kitambaa kizito cha hariri kilichochakaa sana, kimezungushiwa kwenye mti. Halafu mwaka 1793 wakati wa mapinduzi makaburi ya wafalme pale yalifukuliwa na hazina ya abasia ikatawanywa. Aliyoipiga picha binamu yako ni nakala ya siku hizi. Mwambie haina ubaya, ni nzuri kuiona, ila haikuwa Azincourt.

Sasa hicho kipande. Muulize muuzaji swali moja: kabla yako kilikuwa kwa nani, na kabla ya huyo kwa nani, mpaka kufika abasia, na karatasi za kila hatua ziko wapi. Karatasi ya uthibitisho aliyoiprinti mwenyewe haithibitishi kitu. Maabara inaweza kukuambia umri wa kitambaa kwa kipimo cha kaboni, na inaweza kuangalia rangi, maana rangi za viwandani hazikuwepo kabla ya 1856, zikikutwa ndani basi habari imeisha. Lakini hata kikitoka ni hariri ya karne ya 14 kweli, bado ni hariri ya karne ya 14 tu. Jina la Oriflamme halimo kwenye nyuzi. Sanda ya Torino, kile kitambaa ambacho wengi wanaamini ni sanda ya Yesu, ambayo mara ya kwanza kujulikana kwa hakika ilikuwa mikononi mwa familia ya huyo huyo Geoffroi de Charny, ilipimwa mwaka 1988 na maabara tatu zikasema ni ya kati ya 1260 na 1390, na mpaka leo watu wanabishana, na hiyo ni sanda nzima inayojulikana ilipita wapi. Wewe utapimaje kipande cha kiganja kisicho na historia.

Na kuna la kisheria. Wakati wa mapinduzi mali ya abasia ikawa ya umma, na Ufaransa mali ya umma haiuzwi na haipotezi hadhi hiyo hata ipite miaka mia mbili, serikali inaweza kuidai mikononi mwa mtu yeyote. Kwa hiyo kikiwa feki umepoteza pesa, na kikiwa cha kweli unaweza kunyang'anywa. Sioni njia ambayo wewe unafaidika hapo.

Kama bado moyo unakusukuma, basi kisionwe kwa simu, kishikwe na mtu anayejua. Mwombe muuzaji akipeleke Paris kwa dalali wa mnada aliyesajiliwa, wengi wanaangalia kitu bure na kusema wanavyoona, binamu yako awepo, na pesa isitoke mpaka hapo. Muuzaji mkweli atakubali, na huyu akianza visingizio vya safari au mteja mwingine anayesubiri, mblock. Binamu yako akitaka kuona vitambaa vya kweli vya zama zile, makumbusho ya Cluny pale Paris wanavyo, na ukifika siku moja wewe mwenyewe nenda mpaka Azincourt kwenyewe, kuna kituo cha makumbusho ya ile vita.

Na kama advansi ulishatuma kabla hujasoma hapa, piga simu benki au mtandao uliotumia leo hii hii waombe wazuie muamala, tunza meseji zote na picha za tangazo, halafu nenda ukaripoti polisi ukiwa nazo mkononi.